Kidole Kimoja na Chawa: Uhitaji katika Michezo ya Video ya Ushirika

Utangulizi

Nia ya makala haya ni kuchunguza kwa ufupi michezo ya video ambayo wachezaji wake hushirikiana badala ya kushindana, na kupendekeza kigezo kimoja cha kuihakikia. Kwa muda mrefu michezo hii imeachwa nje ya mijadala ya idara zetu. Wapo wanaoiona kuwa ni upuuzi wa vijana usiostahili wino wa mhakiki. Wapo pia, hasa miongoni mwa wachezaji wenyewe, wanaoisifu yote kwa jumla kwa sababu tu inawakutanisha marafiki. Pande hizi mbili zinahitilafiana katika hukumu, lakini zinafanana katika kosa: hakuna unaochunguza jinsi mchezo wenyewe ulivyoundwa.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii huchukuliwa kuwa ni wito wa kupendana. Tukiitazama kwa makini, hata hivyo, tutaona kwamba haisemi neno lolote juu ya mapenzi. Inaeleza umbo la kazi. Chawa hupasuka katikati ya kucha mbili, na kidole cha pili hakikuja hapo kwa hisani. Bila hicho kazi yenyewe haipo. Basi swali la kuuliza mbele ya kila mchezo wa ushirika ni hili: je, mwenzangu ni sharti au ni nyongeza? Sifa hiyo ya mwenza kuwa sharti ndiyo tutakayoiita uhitaji. Tunadai kwamba wingi wa wachezaji hautoshi kufanya ushirika, kwamba uhitaji ndio unaoufanya, na kwamba pale ambapo mtunzi hakuuweka, wachezaji hulazimika kuutunga wao wenyewe.

Ushirika wa sarafu

Mwaka 1985 kampuni ya Atari Games ilitoa Gauntlet, mchezo uliobuniwa na Ed Logg. Watu wanne waliweza kusimama mbele ya mashine moja, kila mmoja akimwendesha mhusika wake katika mapango yaliyojaa mazimwi. Kila mhusika alikuwa na hesabu ya uhai iliyozidi kupungua kadiri muda ulivyopita, hata kama hakuguswa na adui. Ili kuiongeza, mchezaji alitumbukiza sarafu nyingine. Chakula kilichookotwa njiani kiliongeza uhai pia, lakini kilikuwa mali ya aliyekiwahi, na risasi ya mwenzako iliyokwenda kombo iliweza kukiharibu.

Hatuna budi kuuliza ni nani aliyefaidika na ushirika wa namna hii. Wachezaji wanne walikuwa wateja wanne kwa wakati mmoja, na hofu ya kumwacha mwenzako afe ilikuwa hofu yenye bei. Hata hivyo, kanuni ya chakula ilizaa jambo lisiloweza kununuliwa kwa sarafu. Iliwalazimu wachezaji kusemezana: nani amebakiwa na uhai kidogo, nani apishwe ale. Mazungumzo hayo hayakuandikwa popote katika mashine.

Michezo miwili mingine ya wakati huo inaonyesha jinsi mwisho wa mchezo unavyoweza kufichua imani ya mtunzi. Katika Double Dragon (Technos, 1987) ndugu wawili hupigana bega kwa bega ili kumwokoa mwanamke aliyetekwa. Wakisha kumshinda adui wa mwisho, mchezo huwageuza wapigane wao kwa wao ili ajulikane ni nani atakayempata. Ushirika wote uliotangulia unabainika kuwa ulikuwa mapatano ya muda tu kati ya washindani, na mwanamke anabaki kuwa zawadi asiyeulizwa neno. Bubble Bobble (Taito, 1986) unakwenda kinyume. Mchezaji anayefika peke yake katika hatua ya 100 hapati mwisho mwema. Huambiwa arudi pamoja na rafiki. Katika mchezo huu mwenza ni sehemu ya maana ya kazi nzima, ingawa katika hatua zilizotangulia mtu aliweza kabisa kufanya bila yeye.

Kaseti na kanuni za sebuleni

Kizazi chetu hapa Kenya hakikukutana na ushirika mbele ya mashine za sarafu. Tulikutana nao sebuleni, kwa jirani mwenye televisheni, kupitia mashine za bei nafuu zilizoiga ile ya Nintendo na kaseti zilizodai kubeba michezo isiyohesabika. Mchezo uliopendwa kuliko yote miongoni mwetu ulikuwa Contra, ambao Konami iliutoa mwaka 1987 na kuuleta katika mashine ya nyumbani ya Nintendo mwaka 1988.

Katika Contra askari wawili husonga mbele pamoja wakifyatua risasi. Risasi ya mmoja haimdhuru mwingine, na mtu hodari anaweza kuumaliza mchezo peke yake. Kwa kigezo chetu, basi, uhitaji wake ni mdogo. Lakini hatua ya tatu, ya maporomoko ya maji, hubadilisha mambo. Hapo wachezaji hupanda kwenda juu, na skrini humfuata aliyetangulia. Akiruka kwa pupa, mwenzake aliyebaki chini hutoka nje ya skrini na kufa. Hakuna adui aliyemuua. Ameuliwa na haraka ya rafiki yake. Sidhani kama kuna hotuba juu ya viongozi na waongozwao inayolieleza jambo hili kwa ufupi zaidi. Mchezaji hulazimika kujifunza kusimama, kutazama chini, na kusema, "Njoo."

Jambo la pili ni kwamba padi zilikuwa mbili na watoto walikuwa wengi. Kwa hiyo ikazuka kanuni isiyokuwamo katika kaseti: anayekufa ampishe mwenzake. Waliokaa nyuma hawakuwa watazamaji watupu. Walikumbusha adui anatokea wapi, walizomea, walihesabu zamu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atautambua mara moja uhusiano huu wa fanani na hadhira, ambapo hadhira ina haki ya kuingilia na hatimaye ya kushika nafasi ya fanani. Kanuni ya kupishana haikutoka Japani. Ilitungwa hapa, na ndiyo iliyofanya mchezo wa wawili uwe wa kumi.

Jiko na nyapara

Mchezo wa Overcooked ulitolewa mwaka 2016 na Ghost Town Games, kampuni ndogo ya Uingereza. Wachezaji hadi wanne huwa wapishi katika jiko moja. Maagizo huingia mfululizo: vitunguu vikatwe, vitiwe chunguni, supu ipakuliwe, ipelekwe, na sahani chafu ioshwe kabla ya agizo linalofuata. Chungu kikisahauliwa huungua. Jiko lenyewe halitulii. Mara limegawanyika juu ya malori mawili yanayokaribiana na kuachana barabarani, mara liko juu ya barafu inayoteleza. Hakuna adui mwenye silaha. Adui ni saa na mpangilio wa kazi.

Wengi huusifu mchezo huu kuwa kilele cha ushirika. Tuliucheza mara nyingi na wanafunzi wenzetu wakati wa masomo ya uzamili ng'ambo, na furaha yake hatuikani. Lakini mhakiki hana budi kutazama kilichokuwa kikitendeka chini ya kicheko. Kila kundi lilizaa nyapara wake. Yule mwenye mazoea ya padi aliona jiko zima kwa mtupo mmoja wa jicho, akaanza kuamuru: wewe vitunguu, wewe sahani, haraka. Na kazi ya kuosha sahani ilimwangukia karibu kila mara yule aliyekuwa mgeni wa michezo hii. Aliosha tangu mwanzo hadi mwisho, na nyota tatu zilipotolewa zilikuwa za wote kwa jina.

Je, huu ni ushirika au ni kibarua? Tukitumia kigezo cha uhitaji, mwosha sahani ni sharti, kwani pasipo sahani hakuna supu. Lakini kinachohitajika ni mikono yake peke yake. Akili yake haiulizwi. Hapa kigezo chetu kinatudai tukinoe: uhitaji wa mikono na uhitaji wa akili si kitu kimoja. Jamii zetu zililifahamu jambo hili. Ngwatio ya Wakikuyu na mwethya wa Wakamba hazikuwa tu mkusanyiko wa watu shambani. Zilikuwa na zamu, leo kwako na kesho kwangu, ili asiwepo mtu wa kulima daima katika shamba la mwingine. Overcooked hauna kanuni ya zamu. Kundi letu lilipoamua kwamba baada ya kila jiko watu wabadilishane kazi, nyota zilipungua na mabishano yakapungua pia. Kanuni hiyo, kama ile ya kaseti, ilitungwa na wachezaji.

Kutega na kutegua

Mfano ulio bora kuliko yote tuliyoyajaribu ni Keep Talking and Nobody Explodes, uliotolewa mwaka 2015 na Steel Crate Games ya Kanada. Mchezaji mmoja hukaa mbele ya bomu lililo katika skrini, na ni yeye peke yake anayeruhusiwa kuliona. Wenzake wana kitabu cha maelekezo chenye kurasa 23, na wao hawaruhusiwi kutazama skrini. Mwenye macho hana maarifa, na wenye maarifa hawana macho. Kati yao kuna sauti tu.

Lugha yetu ilikwisha kulitia jambo hili katika neno moja. Bomu hutegwa na kuteguliwa, na kitendawili vilevile hutegwa na kuteguliwa. Lakini katika kitendawili cha jadi mtegaji anayo picha na jibu lake pia, na anayeshindwa humpa mji. Katika mchezo huu picha na jibu vimetenganishwa, na wote wawili wako upande mmoja. Nyapara hana nafasi. Anayeamuru haoni anachokiamuru, na anayetenda hajui sababu ya anachokitenda. Ni lazima kila mmoja aulize.

Tulipoucheza kwa Kiswahili tuliona jambo ambalo mwanaisimu atalifurahia. Bomu lina nyaya za rangi na kitufe cha rangi. Kwa pupa ya saa, aliyeketi mbele ya skrini huacha kutaja nomino. Aliposema "cha buluu", sisi wenye kitabu tulifungua ukurasa wa kitufe. Aliposema "ya buluu", tulikwenda kwenye waya. Hata yule aliyeshikilia kusema "wa buluu" alieleweka, maana kitufe hakikubali upatanisho huo. Ngeli, ambazo wanafunzi wetu huzilalamikia kuwa ni mzigo, ziliokoa sekunde kadhaa kila mara.

La pili lilikuwa sehemu ya bomu yenye alama za ajabu zisizo na jina la kawaida, ambazo mchezaji hulazimika kuzieleza kwa maneno. Alama ya kuuliza iliyopinduliwa tuliiita ndoana. Nyota mbili, moja yenye wino ndani na nyingine bila wino, zikawa nyota iliyoshiba na nyota yenye njaa. Baada ya jioni chache tulikuwa na kamusi yetu ndogo, na mgeni aliyejiunga nasi alifunzwa kwanza kamusi hiyo kabla ya kufunzwa mchezo. Hivyo ndivyo istiari zinavyozaliwa: watu wawili wana haja ya kutaja kitu kimoja, na wakati hautoshi.

Mhubiri na nyundo

Mwaka 2021 Hazelight, kampuni ya Uswidi inayoongozwa na Josef Fares, ilitoa It Takes Two, na mwishoni mwa mwaka huo mchezo huu ukapewa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Hauwezi kuchezwa na mtu mmoja. Cody na May, mume na mke walioamua kutalikiana, wamegeuzwa kuwa wanasesere, na kitabu kiitwacho Dr. Hakim kinawahubiria wapatane. Tofauti na enzi ya sarafu, mwenye nakala moja anaweza kumwalika rafiki acheze naye bila kununua ya pili.

Katika karakana Cody hupewa misumari na May nyundo, na hakuna mlango unaofunguka kwa kimoja bila kingine. Kanuni hii inasema yote ambayo Dr. Hakim anarudia kuyahubiri, na inayasema vizuri zaidi. Kasoro ya mchezo ni kutoiamini fani yake yenyewe. Lakini kuna sehemu moja ambapo fani inashinda mahubiri. Wazazi hao huamini kwamba machozi ya binti yao yatawarudisha katika miili yao, hivyo humburura mwanasesere wa tembo anayependwa na mtoto, huku tembo akiwasihi, ili wamwangamize. Ni wachezaji wenyewe, wawili kwa pamoja, wanaotakiwa kubonyeza vitufe. Ushirika hapa umetumika kutenda ukatili, na rafiki wawili walioketi pamoja hunyamaza kimya. Uhitaji, basi, hauna wema wala ubaya wake wenyewe. Wezi nao huhitajiana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mchezo wa ushirika ni utungo wenye watunzi wa aina mbili: aliyeweka kanuni katika mashine, na wanaozijaliza sebuleni. Sehemu ya kwanza imehifadhiwa, na inaweza kuchezwa tena baada ya miaka 30. Sehemu ya pili, yaani zamu, majina, maonyo, kamusi za jioni moja, hupotea taa zinapozimwa, kama zilivyopotea ngano nyingi zilizokosa mtu wa kuzirekodi. Michezo yote tuliyoitaja haikutungwa kwa Kiswahili, lakini ile inayotegemea mazungumzo imekwisha kuzungumza Kiswahili vinywani mwa wachezaji wetu. Hiyo ni kazi iliyo wazi kwa watafiti wa fasihi simulizi. Na mwanafunzi atakayeianza asitosheke kuuliza ni watu wangapi walicheza. Aulize ni kitu gani kingeshindikana endapo mmoja wao angenyamaza.