Usultani wa Ukurasa Mmoja

Sentensi inayonikera kuliko zote katika mkataba wa Msovero iko karibu na mwisho. Inadai kwamba Mangungo, mkuu wa Msovero katika Usagara, alipoulizwa waziwazi, alijibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, wala hajui kama mtu huyo yupo. Tarehe ni 29 Novemba 1884. Kwa miongo kadhaa misafara ya Bagamoyo kwenda Mpwapwa ilikuwa ikikatiza Usagara na mizigo ya nguo, shanga na baruti. Mkuu wa hapo, chini ya milima ya Kilosa, awe hajapata kulisikia jina la Zanzibar?

Shuleni tulifundishwa kumcheka: chifu aliyeuza nchi asijue. Hadi leo mjadala wa madini au bandari ukipamba moto, jina lake hutupwa kama tusi. Naamini tumemwonea, na ushahidi umo katika karatasi yenyewe.

Anza na cheo. Karatasi inamwita Sultani. Wasagara, kama jirani zao Wakaguru na Wavidunda wa upande wa Mikumi, huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo; mkuu aliiangalia tu. Mkuu wa namna hiyo hana cha kuuza. Ndiyo maana mwandishi alilazimika kwanza kumuumba mtu mwenye nacho. Anamvika usultani, anampa ardhi iliyo yake kwa urithi au kwa njia nyinginezo, kisha papo hapo anamvua vyote, milele. Hizo "njia nyinginezo" zinasema mengi: aliyeandika hakujua ardhi ya Msovero hupatikanaje, akaacha mlango wazi ili kila kitu kipite.

Tazama pia nani anatenda. Mangungo ndiye anayetoa, anayekabidhi, anayetamka. Carl Peters, kijana wa Kijerumani wa miaka 28 aliyefunga naye mkataba huo, yeye anakubali kupokea tu. Kwa mpangilio huo wa vitenzi, aliyekuja kuchukua anaonekana kama mgeni aliyebembelezwa. Anachoahidi kwa upande wake ni kimoja: kuiangalia Msovero kwa namna ya pekee Wajerumani watakapoifanya Usagara koloni lao. Ahadi haina kiasi, haina muda, haina mahali pa kuidai.

Kuna mahali karatasi inajikwaa. Inahifadhi haki za ukuu za Mwinyi Sagara, kama zipo. Kumbe Sultani huyu mwenye uwezo wa kutoa kila kitu huenda ana mkubwa wake! Siku chache baadaye Peters alikuwa na karatasi ya Mwinyi Sagara vilevile.

Linaloniumiza zaidi ni lile dai kwamba sahihi zilitiwa kwa kufuata desturi za Usagara. Desturi zipi? Hazitajwi. Peters mwenyewe alisimulia baadaye jinsi safari ile ilivyokwenda: zawadi, pombe, kuchanjiana damu na wakuu, kupandisha bendera, kufyatua bunduki. Undugu wa kuchanjiana una masharti yake, na wenyeji waliyajua vizuri: waliochanjiana huwiwa chakula, hifadhi na ukweli, kila mmoja kwa mwenzake. Ikiwa ndiyo desturi iliyofuatwa Msovero, basi Mangungo alifunga mkataba halisi akijua anachokifanya. Karatasi ya Kijerumani ikaumeza, ikaubakiza kuwa neno moja la kuhalalishia mkataba mwingine. Kati ya mikataba hiyo miwili alisimama mkalimani Ramazani, ambaye karatasi inamsifu kwa kueleza mambo waziwazi. Waliothibitisha kwa maandishi kuwa yote yalikwenda kwa haki ni Jühlke na Pfeil, wenzake Peters wa safari.

Msovero, ambayo leo huandikwa Msowero, iko kwenye barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa. Siku 90 baada ya Mangungo kuweka alama yake, tarehe 27 Februari 1885, Kaiser Wilhelm I alitoa barua ya ulinzi kwa jumuiya ya ukoloni ambayo Peters aliiwakilisha. Barua hiyo inazitaja Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, na kuzieleza kuwa ziko magharibi ya milki ya Sultani wa Zanzibar, nje ya mamlaka ya dola nyingine. Ni kwa ajili ya maneno hayo Mangungo alifanywa asimjue Barghash, Sultani wa Zanzibar. Msovero, iliyoahidiwa kuangaliwa kwa namna ya pekee, haikutajwa.