Sifa za Mkalimani

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, amevaa koti zito ambalo hakulivua hata jua lilipowaka. Nilipelekwa kwake Kainam, juu ya Mbulu, nikitokea chuo kimoja cha Ulaya ninakosomea anthropolojia kwa Kiingereza. Mimi ni mtu wa Tanga, Kiiraqw, lugha ya huko, sikijui. Maneno ya wazee yalinifikia kwa Kiswahili chake, na usiku nikayaandika kwa Kiingereza cha maprofesa wangu.

Maswali yangu hakuyauliza kama nilivyoyaleta. Alianza na ng'ombe, akaja kwenye mvua, akamuulizia mgonjwa wa nyumba ile, na jambo langu la mipaka ya mashamba akalizungukia mpaka mzee akalijibu kabla halijaulizwa. Safari moja aligoma kabisa. "Hilo haliulizwi mbele ya mkwewe, mwanangu. Tutarudi."

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni slufay, maombi ya wazee wa Kiiraqw. Wazee walikuwa wamekaa kwenye pombe, mmoja akasimama akaanza kuomba: mvua, afya ya watu na mifugo, balaa liende mbali. Wenziwe wakaitikia kila kifungu kwa sauti moja, na maneno yakawa yanafuatana bila mwanya wa kupumua. Nikamgeukia mkalimani, kalamu tayari. Hakunitazama. Alikuwa anaitikia.

Nilichukia kidogo, nakiri, maana muda wangu ulikuwa mfupi. Yeye hakuharakisha. Slufay ilipokwisha alikunywa, akasalimiana na watu, akaaga. Tulipokuwa njiani tukishuka ndipo akaanza kunieleza: kwa nini mzee yule aliombwa kuongoza na si kaka yake, wapi aliruka kifungu kwa sababu ya ugomvi wa jirani, wapi sauti za waitikiaji zililegea na maana ya kulegea huko. Kinasa sauti changu kilikuwa na maneno yote, ila hayo hakikuwa nayo.

Vitabu vya Kiingereza kuhusu nchi hii tunavyo. George Klima alitoa chake juu ya Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, jirani na Mbulu, mwaka 1970, Robert Thornton akaandika juu ya Wairaqw mwaka 1980. Charles Lane, mwaka 1996, alieleza jinsi malisho ya Wabarabaig yalivyomezwa na mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO huko Basotu, yaliyosaidiwa na fedha za Kanada, na jinsi makaburi ya wazee yalivyopitiwa na matrekta. Mtu aliyelimiwa kaburi la baba yake hamfungulii mgeni moyo kwa kuwa tu mgeni ana daftari. Lazima awepo wa kumdhamini.

Jomo Kenyatta, mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Malinowski pale London, aliandika juu ya Wakikuyu wenzake mwaka 1938, na lugha ya nyumbani alikuwa nayo mwenyewe. Wengi wetu hatuna bahati hiyo. Darasani tunafundishwa nadharia kwa Kiingereza safi, tunasahihishiwa hata koma, lakini sijasikia somo la lini mtu anyamaze. Sasa wanafunzi wanakuja kwa wiki mbili, wanamkodi kijana yeyote mwenye pikipiki na Kiingereza cha sekondari, wanarekodi, wanaondoka. Kijana hana kosa. Hakuna aliyemkalisha karibu na wazee akajifunza. Na mwalimu wangu yule hana mwanafunzi hata mmoja.

Majina ya watu kama yeye, yakiandikwa, hukaa kwenye ukurasa wa shukrani, katikati ya wafadhili na wake wa waandishi. Nawaomba wenzangu mnaosoma ng'ambo: muulizeni mkalimani wenu kama anapenda kutajwa, na akikubali, jina lake liwekwe kwenye jalada, chini ya lenu. Nakala ya kazi mleteeni kwa Kiswahili, aisome akiwa hai, awaambieni mlipokosea.