Foleni na Mtazamo: Mũrogi wa Kagogo mbele ya Msomaji wa Nchi ya Chai

Riwaya ndefu ya kifantasia yenye mitazamo mingi huzua swali la msingi katika uhakiki: msomaji amwamini nani? Mũrogi wa Kagogo ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoanza kuchapishwa kwa Kigikuyu mwaka 2004 na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 2006 katika tafsiri ya mwandishi mwenyewe, ni mfano mzuri wa tatizo hilo. Tafsiri hiyo ina kurasa zaidi ya 700. Inafunguliwa kwa nadharia tano kuhusu ugonjwa wa Mtawala wa Aburĩria, zikiwemo ghadhabu yake, laana ya beberu aliyedhulumiwa na machozi ya mkewe Rachael. Ni rahisi kuuona wingi huu kuwa urefushaji usio na lazima. Hata hivyo, yafaa kwanza kuchunguza kazi inayofanywa na wingi wenyewe.

Konstebo Arigaigai Gathere anawafukuza ombaomba wawili usiku. Wanamponyoka, na mbele ya nyumba anakuta kitita kinachoning'inia pamoja na tangazo kwamba hapo ni kwa mchawi. Anatimua mbio. Msomaji anajua kwamba ombaomba hao ni Kamĩtĩ na Nyawĩra, na kwamba kitita ni hila ya kujiokoa. Lakini Gathere anapokisimulia kisa hicho vilabuni, huku akiapa kwa jina la Mungu, hila inageuka muujiza, na muujiza unaleta wateja. Fantasia huzaliwa katika pengo lililopo kati ya alichokitenda mmoja na alichokiona mwingine. Ukiondoa mtazamo mmoja, fantasia yenyewe hutoweka.

Kwa msomaji wa Kericho na Bomet, pengo hilo lina historia. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa "laiboni", na watu wa ukoo wa Talai wakahamishwa kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Machoni pa watawala, orkoiyot alikuwa mchawi na mchochezi. Kwa Wakipsigis alikuwa mwaguzi na kiongozi, ingawa aliogopwa pia. Wakati huo makampuni ya Waingereza yalikwisha kuanza kupanda chai katika nchi hiyo hiyo. Msomaji aliyelelewa na masimulizi ya uhamisho huo haoni ajabu kwa Mtawala anayemwandama mchawi huku akimhitaji. Anafahamu kwamba maana ya neno "mchawi" hutegemea ni nani analitamka.

Msomaji huyo huyo ndiye anayeweza kuifichua kasoro ya riwaya. Mbele ya ofisi ya Tajirika watafuta kazi wanapanga foleni, nayo inarefuka mpaka inaitia serikali wasiwasi. Isipokuwa Kamĩtĩ, msomi aliyehitimu India, wengi wao husikika kama umati tu. Mawaziri Machokali na Sikiokuu wamepewa nafasi tele ya kuwaza, kuogopa na kupanga njama; anayesubiri juani hakupewa. Katika mashamba ya chai, ambako mchumaji hupanga foleni apimiwe majani na kulipwa kwa kilo, kila aliye katika foleni ana hesabu yake: karo, deni la dukani, mgongo unaouma. Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilipochomwa Kericho, hofu ya kuzikosa kilo hizo ilijitokeza hadharani. Aliyetazama umati tu aliona ghasia.

Kwa hiyo, ila ya Mũrogi wa Kagogo imo katika mgao wa mitazamo, wala si katika wingi wake. Riwaya imeonyesha kwa ustadi jinsi mamlaka yanavyotikiswa na uvumi wa wanyonge, lakini mara chache humfuata mnyonge hadi ndani ya fikira zake, ingawa urefu wake uliruhusu. Mwanafunzi anayeihakiki riwaya ya aina hii asiridhike na kuhesabu sauti zilizomo. Aulize pia ni nani amepewa kufikiri, na ni nani amehesabiwa tu.