Mtandao Unaokatika kwa Saa za Maji

Dawa ya kwanza ya ruta iliyopoteza intaneti, Kibiti kama kwingineko, ni kuizima na kuiwasha. Mara nyingi inakubali. Taa zinarudi, watoto wanaendelea na katuni zao, na habari inaishia hapo mpaka mtandao ukatike tena jioni. Ubaya wa dawa hii ni kwamba inafuta ushahidi. Ruta nyingi za nyumbani huweka kumbukumbu za matukio mahali ambapo hupotea umeme ukikatwa, kwa hiyo fundi anayefika kesho yake anakuta kifaa kizima kisicho na la kusema.

Swali la maana si kwa nini mtandao umekata, bali umekatia wapi. Kutoka simu iliyo sebuleni Bungu hadi kompyuta kubwa iliyo Ulaya kuna vipande kadhaa: waifai ya ndani, ruta yenyewe, mnara au waya wa faiba, mitambo ya mtoa huduma, mkongo wa mawasiliano hadi Dar es Salaam, kisha nyaya za baharini. Kipande chochote kikikatika, mtumiaji anaona kitu kilekile: duara linazunguka.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilionyesha ubaya wa kuruka swali hilo. Siku nane kabla yake Kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika Mafia, mkabala na delta ya Rufiji, kikizikuta Rufiji na Kibiti hazijapona mafuriko ya Aprili yaliyofika hadi Muhoro. Intaneti ilipodorora Jumapili ile, ilikuwa rahisi kwa mtu wa huku kunyooshea kidole kimbunga, mnara ulioloa au nguzo iliyolala. Kumbe hitilafu ilikuwa chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ambako nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja. Nape Nnauye, waziri aliyesimamia mawasiliano wakati huo, aliutangazia umma hivyo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na watoa huduma walihamishia mzigo kwenye njia nyingine wakati ambapo upande wa kaskazini nao ulikuwa na jeraha lake: nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu Februari mwaka huohuo.

Mwenye ruta Ikwiriri angeweza kuyabaini haya, angalau nusu yake, bila kusubiri tamko. Kipimo ni amri ya pingi, ambayo hutuma ujumbe mdogo kwa anwani fulani na kuhesabu jibu limechukua muda gani kurudi. Kompyuta inayo tayari. Kwenye simu kuna programu za bure. Anayepima huanzia karibu. Anwani ya kwanza ni ya ruta yenyewe, iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Jibu likichelewa au kupotea hapo, mnara hauna kosa. Tatizo liko kati ya simu na kile kisanduku, yaani waifai. Jibu likirudi safi, mpimaji anavuka nje na kuijaribu 8.8.8.8, anwani ya huduma ya Google ya kutafsiri majina ya tovuti, kisha tovuti iliyohifadhiwa nchini, kisha ya nje. Siku ya nyaya kukatika, ruta hujibu, mnara unaonekana kwa nguvu zote, tovuti za nyumbani zinaweza kufunguka, na za ng'ambo ndizo zinazokwama. Kuzima na kuwasha hakumsaidii mtu siku hiyo.

Kipimo hichohicho kinafichua visa vidogo ambavyo ruta husingiziwa kila siku. Namba 8.8.8.8 ikijibu lakini hakuna tovuti inayofunguka kwa jina, kilichokufa ni DNS, yaani huduma ya kutafsiri majina, nayo hubadilishwa kwenye ukurasa wa ruta kwa dakika mbili. Kila kitu kikifunguka isipokuwa huduma moja, basi huduma hiyo ndiyo ya kuulizwa: Mei 2025 mtandao wa X ulipoacha kufunguka Tanzania, hakuna ruta iliyokuwa imeharibika. Na mnara ukiwa kamili, taa zote za kijani, lakini hakuna kinachopita hata kimoja, angalia salio. Bando likiisha, ruta nyingi hazisemi.

Halafu kuna umeme. Ndani ya ukurasa wa ruta huwa pana mstari unaoonyesha muda tangu kifaa kiwashwe. Ukisoma dakika 20 ilhali hakuna aliyeigusa tangu asubuhi, basi mtandao haujakatika. Ruta ndiyo inayojizima na kujiwasha. Mtuhumiwa wa kwanza hapo ni chaja. Chaja nzima huvumilia umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo wa jioni peke yake hautoshi kuiangusha. Iliyochoka ndiyo inayoshindwa pindi ruta inapohitaji nguvu zaidi, kwa mfano watu watano wakiingia kwa pamoja. Anayenunua nyingine ahakikishe volti ni zilezile, ampea si pungufu, na ncha ya kuchomeka ina chanya na hasi upande uleule. Chaja ya volti 9 kwenye ruta ya volti 12 inaweza kuwasha taa na bado ikaleta mikato ya ajabu kwa miezi.

Hadi hapa, yanayosemwa yanahusu Kibiti mjini sawasawa na Mbagala. Delta ina la kwake.

Katika kata kama Salale, Msala, Kiongoroni na Maparoni, maisha yamepangwa kwa maji. Mtumbwi huondoka maji yakiruhusu, si saa ikisema. Aliyekulia huko anajua kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, kwamba kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50, na kwamba karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa pwani hii hupita mita 3. Kisichojulikana sana ni kwamba elimu hiyohiyo inafaa kupimia ruta.

Mawimbi ya mnara ulio upande wa pili wa mto mpana hufika kwenye antena kwa njia mbili: moja kwa moja hewani, na kwa kudunda juu ya maji. Yale yaliyodunda hugeuka kinyume. Njia mbili zikiwa karibu na urefu sawa, mawimbi yanafutana. Zikitofautiana vya kutosha, yanasaidiana. Sasa maji yanapopanda, uso wake, ambao kwa mawimbi ni kama kioo, unasogea juu, na tofauti ya njia inabadilika bila mtu kugusa kitu.

Hesabu inaonyesha ukubwa wake. Chukua mnara wenye antena mita 40 juu ya maji yaliyopwa, na nyumba umbali wa kilomita 8 yenye antena mita 5 juu ya maji hayohayo, kwenye masafa ya megahezi 1,800 ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 17 hivi. Maji yakiwa yamepwa, njia ya kudunda inaizidi ya moja kwa moja kwa sentimita 5. Yakijaa kwa mita 3, ziada hiyo inashuka hadi chini ya sentimita 2, na nguvu inayoifikia antena inapungua kwa desibeli 7 na nusu, yaani inabaki chini ya moja ya tano. Ruta iliyokuwa ikisoma RSRP (kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara) ya −104, hali ya kuvumilika, inasukumwa hadi −111 au −112, mahali ambapo nyingi huanza kuuachia mnara na kuutafuta upya. Maji yakipwa, inapona yenyewe. Mwenye nyumba anasema ruta ina mashetani.

Inyanyue antena hiyo hadi mita 10, na kwa hesabu ileile tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa chini ya desibeli moja. Mita 5 za bomba la chuma zinaumaliza ugonjwa ambao ruta mpya ya bei mbaya isingeugusa. Kweli, hesabu hii inachukulia maji matulivu na anga wazi. Viwimbi vya mto na majani ya mikoko huivuruga, na mikoko ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake Afrika Mashariki, inaweza kuwa mirefu kuliko mlingoti wenyewe. Lakini mwelekeo haubadiliki: huku, kimo kwanza.

Kimo kilikwisha kuamua jambo zito zaidi humuhumu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar mnamo 20 Septemba 1914, ilijificha katika delta, na mikoko ikaifunika isionekane kutoka baharini. Waingereza walileta Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, na ndege zilizoruka kutoka Mafia zikiwa na redio ya kutuma alama za Morse. Kazi ya aliyekuwa angani ilikuwa kuona kombora limeangukia wapi na kuwaambia wapigaji warekebishe. Tarehe 6 Julai 1915 meli zote mbili zilifyatua kwa wakati mmoja. Makombora zaidi ya 600 yalikwenda, na mtazamaji hakuweza kujua lipi ni la nani. Siku tano baadaye walirudi na utaratibu mwingine: apige mmoja, mwingine anyamaze. Ndege ya John Cull na Harwood Arnold ilipigwa, na Arnold akaendelea kutuma marekebisho huku wakishuka kuelekea mtoni. Makombora ya Severn yakaanza kupata, na kapteni Max Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Kosa la tarehe 6 Julai ndilo kosa la kawaida la fundi wa ruta. Anafika, anabadilisha chaja, anahamisha ruta dirishani, anabadilisha chaneli ya waifai kutoka 6 hadi 11, anaingiza laini ya kampuni nyingine, kisha anaondoka. Mtandao ukitulia, hakuna ajuaye kilichoutuliza. Ukikatika tena wiki ijayo, kazi inaanza upya kutoka sifuri, na malipo pia.

Utaratibu wa tarehe 11 Julai, badiliko moja kwa wakati mmoja, unahitaji daftari na subira. Kila mtandao unapokata, andika saa, taa zilivyokuwa, RSRP na SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele) kwenye ukurasa wa ruta, na hali ya maji kwa walio delta. Usizime kwanza. Baada ya wiki mbili, muda unaotosha kupata bamvua na maji mafu, saa zenyewe zinaanza kusema. Mikato ya saa 8 mchana leo, saa 9 kasorobo kesho na saa 9 na dakika 40 kesho kutwa inafuata maji. Ya kila siku saa 2 usiku, nguvu ya mawimbi ikiwa palepale ila SINR imeshuka au kasi imekufa, ni msongamano wa watu mnarani, na dawa yake haimo ndani ya nyumba. Ya adhuhuri tu, kwa ruta iliyowekwa juu karibu na bati, ni joto. Inayokuja na mvua na kukaa siku mbili baada ya mvua ni maji yaliyoingia kwenye kiungio cha waya wa antena.

Hicho cha mwisho kinastahili neno zaidi, kwa sababu chumvi ya pwani haina huruma. Kiungio cha shaba kisichofungwa utepe wa mpira huota kutu ya kijani, na waya ukishanywa maji hupoteza mawimbi mengi kuliko yale yaliyopatikana kwa kuinua antena. Waya ufungwe ukining'inia chini kidogo kabla ya kuingia ndani, maji yadondoke hapo. Mlingoti wa chuma nao uunganishwe na ardhi kabla ya masika kuleta radi.

Kwa wenye faiba mjini mambo ni mepesi zaidi. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatwa au umekunjwa mno. Ikiwa haiwaki lakini mtandao unakatika, ukurasa wa kifaa huonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Ikikaribia −27, tatizo ni kiungio kichafu au kona kali, na kulitatua si kazi ya mwenye nyumba.

Daftari lile lina kazi nyingine. Malalamiko ya huduma huanzia kwa mtoa huduma, na asiporidhisha, mteja hupeleka suala TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Simu inayosema "mtandao unasumbua" hujibiwa kwa ushauri uleule wa kuzima na kuwasha. Anayepiga simu akiwa na tarehe, saa, RSRP, na pingi inayoonyesha ruta inajibu huku nje hakujibu, amwambie mhudumu wa wateja amhamishie kwa fundi wa mtandao, na asikate simu kabla ya kupewa namba ya lalamiko.