Kisasili na Hoja katika Chimbuko la Falsafa ya Kiyunani: Uhakiki wa Dai la Wilhelm Nestle

Mwaka 1940 Wilhelm Nestle alidai kwamba fikra za Wayunani zilitoka katika visasili zikaingia katika urazini. Dai hilo linamfaa Thales wa Mileto, aliyeeleza asili ya vitu kwa maji pasipo nasaba ya miungu iliyomo kwa Hesiod (ingawa Aristotle anawataja waliomhusisha na simulizi za Okeanos). Kwa Parmenides linakwama. Hoja yake kwamba kisichokuwapo hakiwezi kufikiriwa imejengwa hatua kwa hatua. Lakini imetungwa kwa mizani ile ile ya tenzi za Homer, na msemaji wake ni mungu wa kike. Wanaomwona mungu huyo kuwa pambo tu hawaelezi kwa nini ni yeye anayemwamuru msikilizaji apime kwa akili yale anayoambiwa.