Tarishi wa Mvua

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambako aghalabu asubuhi huwa ya jua na alasiri huwa ya ngurumo, mtu aweza kudhani kwamba mtangazaji wa hali ya hewa katika televisheni hana jambo la kuwaambia wenyeji, maana ni mtoto gani wa Keroka asiyejua kuwa mawingu yatatanda baada ya adhuhuri? Nami naona kwamba ni mahali kama hapa ndipo fani hiyo inapopimwa, na ndipo inapostahili sifa.

Sababu ya mvua ile yajulikana: upepo wenye unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda mchana kuielekea milima, hukutana na pepo zitokazo mashariki, na hewa, isipopata njia nyingine, hupaa hata ikawa wingu zito, radi, na pengine mvua ya mawe iyararuayo majani ya chai kabla hayajachumwa. Lakini wingu halinyeshi kila kilima. Nyansiongo yaweza kulowa chepechepe ilhali Manga ni pakavu.

Basi mtabiri hawezi kuapa kwa kila shamba, na kwa insafu ya ilimu yake hutumia maneno yenye mizani. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikisema kwamba mvua itanyesha katika maeneo “machache”, makusudio ni chini ya asilimia 33 ya kanda ile. “Kadhaa” ni kati ya 33 na 66. “Mengi” ni zaidi ya hapo. Mtangazaji, ambaye aghalabu husimama mbele ya ukuta mtupu wa kijani, akiipitisha mikono juu ya ramani ambayo sisi twaiona na yeye haioni ila kwa kutupa jicho kwenye kioo kilicho kando, amekabidhiwa maneno hayo kama tarishi akabidhiwavyo barua: akisema “mengi” ili kuinogesha habari, ilhali alipewa “kadhaa”, amekhini amana.

Wala uaminifu hautoshi pasipo fasaha ya kumfikia mtu nyumbani kwake. George Cowling, mtabiri wa kwanza kusimama mbele ya watazamaji wa BBC, Januari 1954, aliwaambia kuwa kesho yake kutakuwa na upepo, siku njema ya kuanika nguo. Na kwa neno hilo moja ramani ikageuka nasaha.

Jirani yetu mmoja wa Nyamira, mama mwenye wimbi la kuanika, halali mpaka asikie zikitajwa nyanda za juu za magharibi mwa Bonde la Ufa. Asubuhi hutandaza turubai mapema, huligeuza wimbi kwa kiganja, na saa sita huwa amekwisha kulikusanya. Siku moja mvua ilinyesha ng’ambo ya mto, na uani kwake lisidondoke hata tone, mwanawe akasema kwamba mtangazaji amewadanganya.

“La, mwanangu,” akajibu mama. “Alisema kadhaa. Leo sisi hatumo.”