Upepo Usiokatika

Wahunzi wa Unyamwezi na Usumbwa, ambao majembe yao yalilipa mahari na hongo (ushuru wa kupita) katika njia ya misafara iliyopita Tabora, walikuwa na elimu inayohitajika leo katika karakana za nyumbani hapa Kipalapala, Tabora. Mhunzi hakutegemea mfuko mmoja wa ngozi. Alivukuta miwili kwa zamu, mmoja ukijaa huku mwingine ukitoa, ili pumzi iingiayo motoni isikatike. Moto ukikosa pumzi kidogo tu, chuma hupoa na kazi huharibika.

Fundi wa leo anayetaka kupiga fremu za baiskeli au mageti mchanga kwa upepo wa kompresa kabla ya kupaka rangi, yuko mbele ya swali lile lile: upepo usikatike. Ufundi wenyewe ulianzia Marekani, Benjamin Tilghman alipopata hataza yake mwaka 1870, na sijaona njia iliyo safi kuliko hiyo ya kumaliza kutu. Msasa hausafishi mashimo wala pembe za viungo vilivyochomelewa; mchanga unafika kote, na chuma hubaki kijivu, chenye ukwaru unaoishika rangi. Lakini kazi yote hiyo inafanywa na upepo. Mchanga ni abiria tu.

Dukani mnunuzi wa kompresa huoneshwa ukubwa wa tangi na namba ya presha. Vyote viwili humpoteza. Presha ya baa 8 hata kompresa ndogo hufikia. Swali ni inatoa lita ngapi kwa dakika, bila kupumzika. Tundu la milimita 3 la bunduki inayorusha mchanga, kwa presha ya baa 5 na nusu, hula karibu lita 500 kwa dakika. Tangi la lita 50 likishuka kutoka baa 8 hadi hapo limetoa lita 125 tu, yaani robo dakika ya kazi. Kisha fundi husimama akisubiri, na mota inaungua kwa kufukuzana na deni. Mtungi mkubwa hauongezi maji ya kisima.

Kwa hiyo anza na tundu, ndipo uchague kompresa. Tundu la milimita 2 hula chini ya nusu ya lile la 3. La 6 hula mara nne. Na tundu hulika. Likitanuka kutoka milimita 3 hadi 4, mahitaji ya upepo yanakaribia kuwa maradufu, na fundi asiyelipima atailaumu kompresa isiyo na kosa. Tena lita zinazoandikwa kwenye kibao mara nyingi ni zile zinazovutwa, si zile zinazotoka; punguza robo au zaidi. Hapa kwetu punguza tena: Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Umeme wa nyumbani wa njia moja, kwenye soketi ya kawaida, unabeba mota ya nguvu farasi 2 au 3 na si zaidi. Ndiyo maana nawapenda sana mafundi wanaounganisha kompresa mbili za wastani kwenye bomba moja, kila moja na saketi yake na vali ya kuzuia upepo usirudi. Gharama yake huwa ya kubebeka, na moja ikiharibika kazi ndogo bado inaendelea. Mhunzi wa zamani angeuelewa mpango huo mara moja.

Masika yakiingia, maji nayo huingia kwenye bomba, mchanga hushikamana na tundu huziba. Weka bomba refu la chuma la kupoza upepo na chujio la maji kabla ya bunduki, na fungua koki ya chini ya tangi kila jioni.

Mchanga wa mtoni usiutumie. Vumbi lake la silika huacha makovu kwenye mapafu, na Uingereza iliupiga marufuku katika kazi ya namna hii mwaka 1949. Tafuta ganeti au chembe za kioo, fanya kazi ndani ya kabati lililofungwa, vaa barakoa yenye chujio la kweli, na usiwaruhusu watoto kusogea karibu.